Chuma cha Afande

Afande alikuwa anakutazama kiunoni kwanza, usoni baadaye. Unaweza kuja na sinia la futari mikononi, umevaa kanzu iliyonyooka kwa pasi, unatoa shikamoo kwa adabu zako zote. Yeye anaitikia "Marahaba" huku macho yanakupita ubavuni, kushoto, kulia, ndiyo yanapanda. Akishaona huna kitu anakuvutia kiti.

Jina lake analo, lakini sisi tuliomzoea Mabawa, mtaani kwake, hatukulitumia. Maafande waliostaafu ni wengi mji huu, basi ukitaka kumtenga na wenziwe unasema yule Afande wa ghala la silaha, maana ndiko alikomalizia utumishi wake: anapokea bunduki, anazifungua, anazisafisha, anazifunga, anazitoa. Jeshi gani, hakupenda kuulizwa. "Jeshi lililonilisha," anakujibu, na mazungumzo yamekwisha.

Mimi ninayeandika haya si mtu wa kuandika. Shule niliiacha darasa la nne na wala sijutii. Nilianza na toroli, nasukuma nazi za watu, miguu peku. Leo nazi za kutoka Tongoni mpaka Pangani zinapita kwangu kabla hazijaonja lami ya kwenda Dar, na ukisimama Raskazone ukauliza nyumba yenye geti la bluu ni ya nani, bodaboda wa kwanza atakutajia jina langu na la baba yangu. Sisemi kwa kujisifu. Nasema ili mjue kwamba mimi sikuzoea kuambiwa kaa, simama, lala chini. Afande aliniambia yote matatu, nami nikafanya.

Nilikwenda kwake kwa sababu niliporwa. Ilikuwa Ijumaa, watu wako msikitini, mimi nimechelewa kwa ajili ya lori lililoharibika. Wakaingia ghalani vijana, wawili na mapanga, mmoja na kitu ambacho mpaka leo sijui kama kilikuwa bastola ya kweli au ya mchezo. Wakanilaza kifudifudi juu ya makumbi ya nazi. Mmoja akaniwekea mguu shingoni. Wapagazi wangu, watu ninaowaamrisha mimi, wakasimama wananitazama nimelala. Walichukua walichochukua, hicho si kitu, pesa mimi najua kuitafuta. Kilichonishangaza ni baadaye. Sikukasirika, wala sikuogopa. Niliinuka nikajipangusa, nikawaambia wapakie lori. Nyumbani mke wangu analia, mimi namwuliza mchuzi una pilipili? Unajua mtu anavyoukalia mguu mpaka ukafa ganzi? Yangu ilikuwa mwili mzima, na haikutoka.

Kila mtu akawa na la kuniambia. Tajiri, nunua bastola. Tajiri kama wewe unatembeaje mikono mitupu? Nikasema sawa. Siyo kwamba niliitaka sana. Nilikuwa natafuta cha kufanya.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba, Bwana Nazi. Nasikia walikulaza."

"Walinilaza. Nataka silaha."

"Ipi?"

"Kubwa. Ile inayong'aa."

"Hiyo ya kuolea. Nenda kwa sonara." Akanivutia kiti. "Umeshawahi kushika?"

"Sijawahi."

"Afadhali. Wanaonisumbua ni wale walioshika kwenye sinema. Haya, siku ile ungekuwa nayo, ungefanyaje?"

"Ningeitoa."

"Lala."

"Wapi, Afande?"

"Hapo hapo. Walivyokulaza."

Tulikuwa uani kwake, sakafu ya saruji. Binti yake, Zuhura, alikuwa kwenye mkeka anachambua mchele. Zuhura ni mshonaji, watoto wake wako mbali, alirudi kukaa na baba yake tangu mama yake afariki. Akasema, "Baba, mgeni wa watu na kanzu yake nyeupe!"

"Mgeni kaja kutafuta silaha, hakuja kupigwa picha."

Akanichomekea kitu kizito kiunoni, mbele, ndani ya kanzu, kwenye mkunjo wa msuli. Nikalala. Akaniwekea kandambili yake shingoni, taratibu, kama mtu anayekanyaga shuka isipeperuke.

"Haya, itoe."

Sikuweza. Mkono haukupita. Nikajigeuza huku na huku, kandambili imetulia.

"Kitambi kimeilalia," akasema. Zuhura akaangua kicheko, akajifunika mtandio. Mimi nilikuwa natazama sisimizi, wamekokota punje ya mchele wanaelekea ukutani. Mtu mwingine angeona aibu. Mimi niliona sisimizi.

"Basi wangeondoka na pesa zako, na bastola yako juu," Afande akasema. "Inuka sasa, tuanze."

Kile kitu kizito ndicho watu wa Mabawa walichokiita chuma cha Afande. Alikitengeneza mwenyewe kwa msumeno na tupa, kutoka kwenye kipande cha reli nyembamba, zile za mashamba ya mkonge zilizokuwa zikibeba majani kwenda kiwandani. Kina umbo la bastola, kina uzito wa bastola iliyojaa, lakini ni kipande kimoja cha chuma kitupu, hakina hata tundu. Alikiviringisha kwenye kitambaa cha kijani kilichonuka mafuta. Yeyote aliyekuja kutaka ushauri wa silaha ya kwanza alipewa kile chuma kabla ya neno lolote. Utembee nacho, kila uendako, mpaka mwezi uandame. Ukila unacho, ukigombana na mkeo unacho, ukiendesha gari unacho. Na kila unapokishika, ugeukie ukuta kwanza, ukiangalie kama kina kitu ndani.

"Afande, lakini hiki ni chuma kitupu."

"Umeangalia?"

"Naona."

"Sikukuuliza unaona. Nimekuuliza, umeangalia?"

Nikageukia ukuta, mtu mzima, nikaangalia chuma kisicho na tundu. "Hakina kitu, Afande."

"Haya. Mwezi ukiandama rudi, uniambie kama bado unaitaka."

Wengi walirudi wakasema hapana, na yeye hakuwauliza kwa nini. Mwenye duka moja la dawa alikirudisha kabla hata wiki haijakatika. Alikuwa amebishana na shemeji yake kuhusu mpaka wa kiwanja, katikati ya maneno akaukuta mkono wake mwenyewe uko kiunoni. Afande alimmiminia kahawa, akampa na kashata, akamwambia, "Wewe umefaulu." Mimi nikadhani anamtania. Hakuwa anamtania.

Mimi sikuwa mtu wa kukirudisha. Mimi nikianza kitu nakimaliza, ndiyo maana niko nilipo.

Kosa langu lilikuwa kanzu. Nawaambia ninyi mnaofikiria kununua, maana mtu wa bara hatalijua hili, yeye ana suruali na mkanda wake. Sisi siku ya Ijumaa tuna kanzu, na ndani ya kanzu tuna msuli uliokunjwa kiunoni, na mkunjo ule una kazi yake moja tu, haukuzaliwa kubeba chuma. Nikaenda nacho msikitini. Nilisimama safu ya pili. Kwenye rukuu nilikisikia kinateleza, nikasema kitashika. Tulipokwenda kusujudu kikatoka, kikapiga sakafu ukingoni mwa jamvi, kishindo kikasikika mpaka kwa imamu. Imamu hakutikisika, akaendelea. Tulipotoa salamu mzee mmoja kushoto kwangu akakiokota ndani ya kitambaa chake, akakipima mkononi.

"Ee bwana wee," akasema, "hata msikitini waja na jiwe la mizani? Wataka kutupima thawabu?"

Safu nzima ikacheka. Mpaka nje kwenye viatu walikuwa bado wanauliza kilo ngapi. Mimi nikacheka nao, sauti ilitoka vizuri tu, ila haikuwa na mtu ndani yake.

Nilipomsimulia Afande, hakucheka hata kidogo. Aliuliza, "Kilianguka kikielekea wapi?"

"Sikuangalia."

"Mdomo wake ulielekea kwa nani?"

Nikafikiri. "Kwa yule mzee wa kushoto kwangu."

"Ana mke?"

"Anaye."

"Basi ungekwenda wewe kumwambia."

Akarudi kwenye cherehani aliyokuwa anaitengeneza. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya uzeeni, kutengeneza cherehani za mafundi wa Ngamiani, na alizitengeneza kama bunduki. Anafunua kitambaa, anapanga vyuma kwa mstari, anapaka mafuta kwa unyoya wa kuku. Kabla ya kugusa lolote anainama kuhakikisha sindano haina uzi. Mtu akikaa upande wa mbele wa sindano, anamwambia ahame.

Sasa mtu huyo huyo, mwenye sheria kwa kila skrubu, alikuwa mwizi wa dhumna. Namwita mwizi mbele ya watu na yeye mwenyewe hakatai. Anachungulia mawe ya mwenzake, anaficha jiwe chini ya paja, anahesabu vibaya kwa makusudi. Ukimkamata anacheka mpaka anakohoa.

"Afande, wewe kila kitu umekiwekea sheria, huku mbona unaiba?"

"Huku nikikosea nani anakufa?" anasema, anakufunga kwa jiwe aliloliiba.

Na kelele hakuzipenda. Tarumbeta za harusi zikipita anaingia ndani anafunga dirisha, anasubiri zifike mbali. Sikio lake la kulia lilikwisha zamani kwa milio ya bunduki, lakini lile la kushoto alilitunza kama yai. Redio yake ilikuwa chini sana, anaisikiliza taarabu kwa kuinama, shavu karibu na spika. Unaweza kudhani anaambiwa siri.

Yeye mwenyewe alikuwa na bastola, moja, yenye kibali chake. Ilikaa kwenye sanduku la chuma lililofungwa kwa bolti sakafuni, ufunguo shingoni. Miaka yote niliyomjua sikuiona kiunoni mwake hata siku moja.

"Sasa ya nini, Afande?"

"Inanikumbusha kufunga sanduku."

Mwezi ulipoandama nikarudi. Akaniuliza kama bado naitaka. Nikasema bado. Alinitazama muda, nikadhani atafurahi kwamba amepata mwanafunzi asiyekata tamaa. Alivuta pumzi, akasema, "Haya, basi tuchague." Alisema kama daktari anayekwambia kalale kitandani.

Kwanza alinipeleka kununua mkanda. Bastola bado hata kibali hakijaombwa, yeye ananizungusha madukani anavuta mikanda ya ngozi, anaikunja, anainusa, anatupa. "Mkanda ndiyo silaha yako ya kwanza," akasema. "Ukiwa na huo uliouvaa, utatembea umejishika kama mwenye tumbo la kuhara." Akaniambia nguo za Ijumaa ni za Ijumaa: siku hiyo bastola inabaki kwenye kasiki, sina ruhusa ya kubishana. Sikubishana.

Kisha kibali. Serikali ya mtaa, kata, polisi, alama za vidole, maswali. Mimi nina watu kila ofisi, naweza kupiga simu moja mambo yakatembea, nikamwambia hivyo. "Kaa kwenye foleni," akasema. "Mtu asiyeweza kusubiri kwenye benchi, nisingependa asubiri na silaha." Nikakaa kwenye foleni.

Kibali kilipotoka tulikwenda Dar pamoja, kwenye duka la silaha. Muuzaji, kijana mwenye miwani, alishaniona geti la bluu usoni. Akatoa ile inayong'aa. Afande akaisogeza pembeni kwa kidole kimoja kama mtu anayesogeza kombamwiko. Akatoa ndogo, ya kutosha kiganjani. Mimi nikaipenda, itajificha vizuri.

"Hiyo ni ya mtu anayejua," Afande akasema. "Ndogo inaruka mkononi kama chura. Wewe unaanza, utaiogopa, ukiiogopa hutaifanyia mazoezi. Na ile kubwa kule utaiona nzito, mwezi wa pili utaiacha nyumbani. Ukiiacha nyumbani si yako tena, ni ya nyumba." Akamwambia kijana, "Leta ya kati. Na iwe ile ambayo risasi zake zinapatikana, siyo mpaka ziagizwe na ndege."

Zikaja za kati. Kila moja Afande aliigeuzia ukutani, akaiangalia, akanipa, nikaigeuzia ukutani, nikaiangalia. Alitaka kuona kidole changu kinafikia vipi pale pa kufyatulia: kifike kwa nyama ya ncha, siyo kwa ukucha wala kwa kiungo. Alibonyeza pale kati ya dole gumba na shahada, akasema, "Mkono wa toroli huu. Mzuri." Sijui kwa nini nalikumbuka hilo kuliko sifa zote nilizopewa na wakubwa. Halafu akatoa mfukoni kichupa cha mafuta ya nazi, akanimiminia viganjani.

"Vuta sasa hiyo sehemu ya juu, irudi nyuma."

Muuzaji akaruka. "Mzee! Mzee, hiyo si sambusa!"

"Huyu ni mtu wa nazi," Afande akamjibu. "Siku yake itamkuta na mafuta mikononi. Atakuja kukuazima taulo?"

Ya kwanza iliteleza. Ya pili nikaivuta mara moja, ikateleza mara mbili. Ya tatu, nyeusi, haina uzuri wowote, ina mikwaruzo mirefu pembeni, ikavutika kila nilipoivuta. "Hiyo," Afande akasema. Kijana akafuta kaunta kwa hasira. Ndivyo nilivyochagua bastola yangu ya kwanza, na sijawahi kununua ya pili.

Alinifundisha kwenye uwanja wa shabaha mpaka nikawa napiga karatasi mahali pamoja. Wenzangu waliruka kwa mlio. Mimi sikuruka. Walinisifu, ana moyo huyu. Afande alinitazama kwa upande, akanivuta pembeni, akasema, "Bwana Nazi, mlio ule hukuusikia?"

"Nimeusikia."

"Mbona mwili wako haukuusikia?"

Akanipigapiga begani, tukaenda kuokota maganda.

Baadaye mikono yake ikaanza kutetemeka. Cherehani akaziacha, dhumna akawa anashindwa hata kuiba, jiwe linamponyoka kutoka chini ya paja linalia sakafuni. Siku moja akanipa kile chuma katika kitambaa kipya, kingine cha kijani alichokipasua katikati, nusu akaviringishia chuma, nusu akaikunja akaiweka mfukoni. "Sina wanafunzi tena. Kazuilie mlango." Nikakipeleka ghalani, nikawa nazuilia mlango ule wa mbele unaojipiga. Wapagazi wanakijua. Wanakiita Afande.

Halafu Zuhura akaja ghalani. Hajawahi kuja ghalani. Alisimama kwenye makumbi, mtandio umekaa vibaya.

"Kaka, baba kamtolea muuza maziwa."

"Kamtolea nini?"

"Ile."

Nikaacha kuhesabu. Akanieleza: ni miezi sasa baba yake anapotea. Anamwita yeye jina la marehemu mama yake. Anaamka anavaa viatu vya kazi. Ufunguo wa sanduku aliukuta kwenye mkebe wa chumvi, sanduku liko wazi, na baba anayo kiunoni, kaiviringisha kwenye kitambaa cha kijani, haivui, hata akienda chooni. Asubuhi ile muuza maziwa, anayekuja kila siku ya Mungu, kabisha hodi, mzee kamtokea nayo mkononi, kamwuliza, "Umetumwa na nani?" Muuza maziwa kaacha dumu na baiskeli, kakimbia.

"Polisi wanajua?"

"Nimetoka huko. Wanasema watakuja kuichukua. Kaka, wakija watu wa sare, wakaingia uani, yeye anayo kiunoni, unajua itakuwaje."

"Najua."

"Ama atampiga mtoto wa watu, ama watampiga yeye. Nimewaomba wanipe mpaka mchana. Nimewaambia yupo mtu ambaye baba alimfundisha, atamsikiliza."

Nilikwenda na gari langu. Zuhura alikaa nyuma pamoja na askari mmoja, mtu mzima, kavaa kiraia, tukamwacha ndani ya gari kwenye kona. Yangu niliiacha kwenye kasiki, maana kwa Afande haingii mtu na yake. Nilikuwa nimeshapanga maneno. Mimi maneno si tatizo langu, nimepatana bei na watu wagumu kuliko serikali. Nitamwambia, Afande, ulinifundisha, sasa nimekuja kuichukua, nipe.

Alikuwa uani, amesimama karibu na cherehani ya zamani, shati limetokeza upande wa kulia.

"Shikamoo, Afande."

Akanitazama kiunoni. Kushoto. Kulia. Macho yakapanda, yakafika usoni, yakakaa pale bila kukuta kitu.

"Marahaba. Nani wewe?"

"Mimi. Bwana Nazi."

"Nazi tumeshanunua." Mkono wake ukaenda kwenye shati. "Umetumwa na nani?"

Zuhura alikuwa mlangoni kwa jikoni, hasogei. Yale maneno niliyoyapanga nikaona yatamuua mtu. Nikasikia mdomo wangu unasema mengine.

"Sikutumwa, Afande. Nimekuja kutafuta silaha. Ya kwanza."

Mkono ukasimama.

"Ipi?"

"Kubwa. Ile inayong'aa."

Akacheka. Kicheko kile kile, cha kukohoa. "Hiyo ya kuolea. Nenda kwa sonara." Akanisogelea. "Walikufanya nini?"

"Walinilaza."

"Lala."

Nikalala. Saruji ilikuwa na joto la jua. Nikasikia kandambili inakuja, ikatua shingoni, nyepesi kuliko mara ile, mzee amekonda. Juu yangu alikuwa na bastola ambayo hakuna aliyejua ina nini ndani, na mikono inayotetemeka. Nilijua ningepaswa kuogopa. Nilitazama chini ya ukuta. Sisimizi walikuwepo.

"Haya, itoe."

"Haitoki, Afande."

"Kitambi kimeilalia." Akaondoa mguu. "Inuka. Lete mkono."

Akanibonyeza pale kati ya dole gumba na shahada. Vidole vyake vilikuwa baridi. Akabonyeza muda mrefu, kichwa kimeinama, kama anavyosikiliza redio.

"Mkono wa toroli," akasema.

Kisha akaingiza mkono kwenye shati, akatoa kile kitambaa cha kijani, akanipa mikononi, kizima kizima, kama anavyompa kila mwanafunzi. "Tembea nacho. Ukila, ukigombana, unacho. Mwezi ukiandama, rudi uniambie kama bado unaitaka."

Kilikuwa na vuguvugu la tumbo lake. Nikageukia ukuta. Nikafunua kitambaa, kidole nje. Nikatoa magazini, kile kikasha cha risasi, imejaa. Nikavuta ile sehemu ya juu, ikatoka risasi moja iliyokuwa tayari ndani, ikagonga saruji, ikabingiria mpaka chini ya cherehani. Mtu aliyenigeuza ukutani niangalie chuma kisicho na tundu alikuwa amenipa hiyo bila kuiangalia.

Afande aliifuata risasi kwa macho mpaka iliposimama.

"Kumbe kinataga," akasema. Kisha akaniangalia mkononi, uso ukawa mkali. "Kidole!"

"Kiko nje, Afande."

Akainama kuhakikisha. "Nani kakufundisha?"

"Mzee mmoja. Wa hapa hapa Mabawa."

"Msalimie."

Nilitoka, nikamkabidhi askari kwenye gari, bastola, magazini, na ile risasi moja ambayo Zuhura aliitoa chini ya cherehani kwa ufagio. Askari akanishukuru, akanishika mkono, akaniambia mimi ni mwanamume. Nimeshaambiwa hivyo na wengi. Nilimpeleka kituoni, nikaandikisha maelezo, nikaenda ghalani.

Nilikuwa bado sijakaa simu ikaita. Zuhura. "Kaka, anaitafuta. Kafungua makabati yote. Anasema wamemwibia chuma chake."

Nikauachia mlango wa ghala ujipige, nikakichukua kile chuma. Nilipofika, mito ilikuwa sakafuni na sufuria zote zimefunuliwa. Afande alikuwa katikati ya ua, anahema, shati limefunguka.

"Kuna mtu kaja hapa," akaniambia. "Kaondoka na chuma changu."

"Ni mimi, Afande. Nimekirudisha."

"Mwezi umeandama?"

"Umeandama."

"Ulitembea nacho?"

"Nilitembea nacho."

"Bado unaitaka?"

"Hapana, Afande. Siitaki tena."

Asubuhi iliyofuata nilifungua kasiki nikaivaa bastola yangu kama siku zote. Lakini pale uani ndivyo nilivyojibu, na yeye akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Akapokea kitambaa. Akageukia ukuta. Akakifunua taratibu, mikono inatetemeka, kidole kimenyooka nje, akakiinamia kile kipande cha reli, akakiangalia juu, akakiangalia nyuma, akakiangalia tena.

"Hakina kitu," akasema.

Akakichomeka kiunoni, akavuta shati. Kisha akanitazama mimi, kushoto, kulia, akanivutia kiti.